Kwaresima kwa saa za bandari: mwongozo kwa parishi ya Shimanzi

Anayepanga Kwaresima Shimanzi hushindana na zamu za kazi kabla hajashindana na uvivu wa mtu yeyote. Bandari ya Kilindini hufanya kazi saa 24, siku zote za juma, na riziki nyingi za mtaa huu zimefungwa kwenye saa hiyo: kuli, karani wa forodha, fundi wa reli, mlinzi wa godauni, dereva wa trela, na mama mwenye kibanda anayewauzia wote hao mahamri na mbaazi. Hata hivyo ratiba ya Kwaresima huandikwa mara nyingi kana kwamba kila muumini hutoka ofisini saa kumi na moja jioni. Jumatano ya Majivu hupewa ibada moja ya jioni, mafundisho ya katikati ya juma huwekwa saa hiyohiyo, na kufikia juma la tatu wanaobaki ni walewale: wastaafu, wanakwaya na viongozi wanaoona haya kukosa. Kisha husemwa kwamba watu wamepoa kiroho, ilhali nusu yao wako juu ya kreni.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye mzee wa kanisa, msomaji, kiongozi wa kina mama, wa KAMA (kina baba) au wa KAYO (vijana), au muumini tu unayetaka msimu huu uwe na maana. Hoja yake ni moja. Kwaresima ni kazi ya kanisa zima, wala haikuanza kama zoezi la mtu mmoja mmoja la kuacha soda. Kwa Shimanzi, kuifanya pamoja kunadai mambo mawili: ibada ifuate zamu, na chakula ambacho mmoja hakula kifike kwenye sahani ya mwingine.

Kwa nini pamoja

Katika kanisa la kale, majuma ya kabla ya Pasaka yalikuwa ya kuwaandaa wanaobatizwa na kuwarejesha waliotengwa kwa makosa yao, na waumini wengine waliingia katika mfungo ili kuwasindikiza. Baraza la Nikea la mwaka 325 linazitaja siku arobaini katika kanuni yake ya tano, na linazitaja kwa sababu ya kushangaza kidogo: maaskofu wa kila jimbo wakutane kabla ya siku hizo wachunguze kesi za waliotengwa, ili chuki ndogondogo ziondolewe na sadaka itolewe kwa moyo safi. Kwa hiyo kazi ya kwanza iliyohusishwa na Kwaresima katika kanuni ile ilikuwa kumaliza ugomvi, na ugomvi haumalizwi na mtu mmoja akiwa peke yake chumbani.

Pingamizi la kwanza utakaloletewa ni Mathayo 6, mahali Yesu anapowaagiza wanafunzi wafunge kwa siri na wajipake mafuta kichwani. Ni pingamizi zito, na ajabu ni kwamba kanisa lenyewe husoma sura hiyo Jumatano ya Majivu. Lakini siku hiyohiyo husomwa pia Yoeli 2, ambapo tarumbeta inapigwa, mfungo unatangazwa, na wanaitwa wazee, watoto wanyonyao, hata bwana arusi atoke chumbani kwake. Waliopanga masomo hayo mawili siku moja hawakupitiwa. Anachokataza Yesu ni kujionyesha, yaani mtu kukunja uso ili asifiwe. Kufunga pamoja ndiyo dawa mojawapo ya kujionyesha, kwa maana pale ambapo wote wanafunga hakuna wa kusifiwa.

Pingamizi la pili ni la kwetu zaidi: kwamba mambo haya ni ya Wakatoliki. Lina mizizi yake. Uanglikana wa Mombasa ulipandwa na Church Missionary Society, kuanzia mmisionari Krapf aliyefika mwaka 1844, na chama hicho hakikupenda sana madoido ya ibada. Tofauti na ndugu zetu Waanglikana wa Zanzibar, walioyapenda, ilifika mbali kiasi kwamba mwaka 1913, baada ya mkutano wa makanisa uliofanyika Kikuyu, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki kwa uzushi Askofu Peel wa Mombasa na Askofu Willis wa Uganda. Sisi tumelelewa upande wa Peel. Basi mtu akisema kwamba majivu ya paji la uso si desturi ya babu zake, huenda anasema kweli: matumizi yake yalipigwa marufuku Uingereza mwaka 1548, na Kitabu cha Sala cha 1662 hakina ibada ya kupaka majivu. Ila kitabu hichohicho kinaziorodhesha siku arobaini za Kwaresima miongoni mwa siku za kufunga. Kwa hiyo unaweza kuyaacha majivu ukabaki Mwanglikana wa kawaida kabisa, lakini ukiacha mfungo umekiacha kitabu. Usipoteze nguvu kubishania majivu.

Ratiba inayofuata zamu

Kwaresima huanza Jumatano ya Majivu na kwisha Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Hizo ni siku 46, na ukitoa Jumapili sita, ambazo si siku za kufunga, zinabaki arobaini. Kazi ya maandalizi ianze majuma matatu kabla ya siku ya kwanza, kwa mpangilio huu:

1. Hesabu zamu. Baada ya ibada ya Jumapili zungusha karatasi yenye safu tatu: anayefanya kazi mchana, anayefanya kazi usiku, na ambaye zamu yake hubadilika. Fanya hivyo Jumapili mbili mfululizo, maana walio kazini Jumapili ya kwanza ndio hasa unaowatafuta.

2. Toa ibada moja katika nyakati tatu. Jumatano ya Majivu iwe na ibada ya saa kumi na mbili asubuhi kwa anayetoka zamu ya usiku na anayeingia ya mchana, ya saa saba mchana isiyozidi dakika 30, na ya jioni. Masomo na mahubiri yawe yaleyale, ili asiwepo anayejiona amepewa makombo.

3. Chagueni sala moja ya kila siku. Askofu Mkuu Cranmer aliandika sala ya Jumatano ya Majivu kwa ajili ya Kitabu cha Sala cha 1549, na kitabu cha 1662 kinaagiza irudiwe kila siku ya Kwaresima baada ya sala ya siku husika. Ichapishe kwenye kadi inayoingia mfuko wa ovaroli, kila mtu aiseme kwa saa yake.

4. Vikundi vya nyumbani viwe vya watu sita hadi kumi na wawili, na kimoja angalau kikutane asubuhi kwa ajili ya wa zamu ya usiku. Kiongozi awe msomaji au muumini aliyeandaliwa. Kasisi mmoja hawezi kuwa kila mahali.

5. Kila kikundi kiwe na mtu wa kumpigia simu asiyeonekana kwa majuma mawili. Swali liwe "U hali gani?" na lisiwe "Mbona huji?"

Hatua ya tatu inaonekana ndogo kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayobeba nyingine. Ibada ya jioni humkusanya aliyepo tu, lakini sala moja humfanya mlinzi wa godauni saa tisa usiku na bibi aliye nyumbani saa tatu asubuhi wawe wamesali jambo lilelile siku ileile. Ndiyo faida ya kuwa na kitabu cha sala, na ni ajabu kwamba tunaitumia kidogo hivyo.

Kosa linalofanyika sana hapa ni kurundika. Parishi huongeza mafundisho ya Jumatano na maombi ya Ijumaa, kisha huacha palepale vikao vya kamati, mazoezi ya kwaya, mikutano ya harambee na semina ya vijana. Muumini mwenye siku moja ya mapumziko kwa juma hawezi kuigawa mara sita. Kila mkutano mmoja wa Kwaresima unaoongeza, ahirisha mwingine mpaka baada ya Pasaka. Kamati ya ujenzi itaishi bila kikao kwa majuma sita.

Usiwasahau wanaopita. Mission to Seafarers, shirika la Kianglikana lililoanzishwa mwaka 1856, lina kituo chake Mombasa, na mabaharia wengi, Wafilipino kwa mfano, hutoka nchi ambazo Kwaresima hushikwa kwa nguvu. Mpigie simu msimamizi wa kituo, muulize kama wangependa ibada fupi. Ruhusa ya kuingia bandarini huchukua muda, kwa hiyo ni rahisi zaidi ibada ifanyike kituoni kwao.

Mfungo na mfuko

Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Isaya 58 hairuhusu mfungo usiofika kwa mwenye njaa, na kwa mtaa wenye vibarua wengi sura hiyo inakuja na swali gumu: kijana anayesimama getini tangu alfajiri akingoja kuitwa, akikosa kazi, hali chakula cha mchana. Kumwambia afunge ni kumfanyia mzaha. Kwaresima kwake inapaswa kuwa majuma ambayo anakula.

Njia iliyo nyepesi ni hii. Wenye uwezo waache chakula cha mchana Jumatano na Ijumaa, wakinywa maji, na bei ya chakula hicho waitie katika mfuko wa Kwaresima. Tuseme sahani ya wali na maharage kibandani ni shilingi 150. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Ijumaa Kuu zipo Jumatano na Ijumaa 14, kwa hiyo mtu mmoja huweka shilingi 2,100, na watu 40 huweka 84,000. Hakuna aliyetoa kitu juu ya matumizi yake ya kawaida, na hilo ndilo jibu kwa wanaosema wamechoshwa na michango, malalamiko ambayo kwa kweli wana haki nayo. Mfuko huu ukianza kutangaziwa malengo na bahasha zenye majina, umekwisha kuwa harambee nyingine, na Mathayo 6 itakuwa imevunjwa mchana kweupe.

Amueni kabla ya siku ya kwanza fedha zitakwenda wapi: chakula cha wanafunzi wa kutwa, au vibarua waliokosa kazi, au mgonjwa anayejulikana. Sanduku au namba ya M-Pesa iwe ya mfuko huu peke yake, ihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, na jumla itangazwe kila Jumapili bila majina. Kuna mtu mmoja husahaulika katika hesabu hizi, naye ni mama wa kibanda. Waumini 40 wakiacha kula kwake siku mbili kwa juma, mfungo wa kanisa unakuwa hasara yake, na huenda yeye mwenyewe hukaa benchi la tatu kanisani. Dawa ni kwamba chakula kinachonunuliwa kwa mfuko kinunuliwe kwake. Mpe oda mapema, umlipe siku hiyohiyo, na wale vibarua wakale kibandani kama wateja wengine, bila foleni ya kanisani wala picha.

TAHADHARI: nani asifunge chakula

Februari na Machi ni miezi ya joto kali Mombasa. Wasiache chakula wala maji: wajawazito na wanaonyonyesha, watoto, wazee dhaifu, wenye kisukari au vidonda vya tumbo, na yeyote aliye kwenye dawa za TB, ARV au shinikizo la damu mpaka aongee na daktari au mhudumu wake wa afya. Dawa isiachwe kwa ajili ya mfungo hata siku moja. Anayeendesha kreni, foklifti au trela, na anayebeba mizigo juani, afunge siku yake ya mapumziko, au afunge kitu kingine kama sigara, pombe, kamari ya simu au miraa. Kiongozi alitangaze hili kanisani waziwazi, ili mwenye kisukari asione haya kuonekana anakula.

Majivu, kwa parishi inayoyatumia

Majivu hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, ambayo kwetu Pwani ni makuti ya mnazi. Yaanike mpaka yakauke kabisa, yachome ndani ya sufuria kuukuu au karai la chuma, yapoe, kisha uyachekeche kwa kichujio chembamba. Usichanganye na maji: majivu yakikutana na maji hutoa magadi, na magadi huchoma ngozi. Tone la mafuta linatosha, au yapakwe makavu. Tahadhari ya pili ni ya Shimanzi peke yake. Mtaa huu una matangi na mabomba ya mafuta, basi usiwashe moto uani bila kujua kilicho nyuma ya ukuta. Ukiwa na shaka, kachomee kwa parishi iliyo mbali na matangi, au uombe majivu yaliyo tayari. Moto mpya wa kesha la Pasaka nao uchukuliwe hivyohivyo.

Jirani anayefunga pia

Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na katika miaka hii Ramadhani na Kwaresima zimekuwa zikikutana. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 18, na Ramadhani ilianza juma hilohilo. Mwaka 2027 Kwaresima inaanza Februari 10, na mwezi unatarajiwa kuandama siku hizohizo. Mwaka 2028 zitaachana.

Kukutana huku ni neema, lakini kuna mambo matatu ya kuangalia. Spika za kanisa zipunguzwe saa ya magharibi, jirani anapofuturu na kusali. Ukialikwa futari nenda, kula, shukuru, na usigeuze mkeka wa mwenyeji kuwa mimbari. Na usilinganishe mifungo kwa kutafuta upi mgumu. Wapo watakaosema kwamba kufunga kwetu kwa pamoja ni kumwiga Mwislamu. Nikea ilikuwa mwaka 325, na hapo hoja inaishia, lakini hata bila tarehe hiyo sioni aibu ya kukumbushwa na jirani jambo ambalo tulikuwa nalo tukaliacha.

Juma Kuu

Jumapili ya Matawi omba makuti mapema kwa mwenye shamba, Kisauni au Likoni, wala usitume vijana wakakate ya watu usiku wa Jumamosi. Alhamisi Kuu, katika kutawadha miguu, kasisi aiweke miguu ya vibarua na kina mama wa usafi mbele ya ile ya wazee wa kanisa.

Msafara wa msalaba wa Ijumaa Kuu ndio unaohitaji mipango. Peleka barua mapema kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi: Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, huweka notisi ya mikusanyiko ya hadhara isiyopungua siku tatu wala kuzidi siku 14. Anza saa mbili asubuhi na umalize kabla ya saa tano, ili msiwe barabarani wenzenu wanapokwenda Sala ya Ijumaa. Ijumaa Kuu ni sikukuu ya umma lakini matrela hayana sikukuu, kwa hiyo pita njia za ndani, weka watu wenye fulana za kuakisi mwanga mbele na nyuma, na watoto wakae katikati. Ibada ya saa sita hadi saa tisa ifanyike ndani.

Jambo jingine ni safari. Waumini wengi wana nyumba zao bara, na Pasaka ni siku ya kwenda. Usiwalaumu, panga kwa kujua hilo. Mlo wa pamoja wa parishi uwe Jumapili ya nne ya Kwaresima, ambayo kwa desturi ya Kianglikana ni Jumapili ya kina mama, au karibu na Machi 25, siku ambayo Mothers' Union huadhimisha. Upatanisho nao usingoje Juma Kuu. Kama kuna watu wawili wasioamkiana, wazee wa kanisa wakae nao katika juma la tatu, kila upande usikilizwe peke yake kwanza, na usuluhishi usifanywe mimbarani.

Kabla hujatangaza ratiba, hakikisha:

☐ karatasi ya zamu imezungushwa Jumapili mbili
☐ kadi za sala zimechapishwa kwa Kiswahili
☐ walengwa wa mfuko wamekubaliwa na mama wa kibanda ameambiwa
☐ tangazo la wasiofunga limeandikwa
☐ vikao vya kamati vimeahirishwa
☐ tarehe ya kupeleka barua kituo cha polisi imewekwa

Mfuko ufungwe Ijumaa Kuu na kilichobaki kigawiwe Jumamosi inayofuata, ili waliokusudiwa wapate cha kula siku ya Pasaka yenyewe. Juma la pili baada ya Pasaka, viongozi waandike kwenye daftari la parishi nini kilifanyika, saa gani watu walikuja, na kiasi gani kilipatikana na kutumika, maana makasisi huhamishwa na anayekuja huanza upya asipokuta maandishi. Jumatano ya Majivu ya mwaka 2027 ni Februari 10, na ya mwaka 2028 ni Machi 1.